Ajali ya Ndege ya Tabora, 1920, na Njia ya Anga ya Uwanda wa Kati

Tarehe 27 Februari 1920, katika kiwanja kilichofyekwa karibu na mji wa Tabora, ndege kubwa ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, iliyoundwa kwa miti na kuvikwa kitambaa, iliwashwa ili iendelee na safari yake ya kutoka Uingereza kwenda Rasi ya Tumaini Jema. Ikakimbia ardhini kutafuta mwendo wa kuruka, na katika jitihada hiyo injini yake ikashindwa kazi, nayo ndege ikaanguka na kuvunjika hata haikuwezekana kutengenezwa tena. Watu watano waliokuwamo walitoka wote wakiwa hai. Kwa kuwa hapakuwa na kaburi la kuchimbwa siku ile, tukio hilo limekaa pembeni mwa historia yetu, likitajwa zaidi na wapenzi wa habari za ndege huko Ulaya kuliko sisi ambao ardhi yetu ndiyo iliyolipokea. Mimi naona kwamba linastahili mahali pa mbele zaidi, maana mtu hawezi kueleza vema kwa nini Dodoma ilipata kituo katika njia kuu ya anga mwaka 1932, wala kwa nini ndege zilizoletwa hapo zilikuwa na injini tatu na baadaye nne, asipoanza na injini iliyonyamaza Tabora miaka 12 kabla yake.

Ndege yenyewe ilikuwa ya aina ya Vickers Vimy Commercial, nayo ilikuwa ile ya kwanza kabisa kuundwa katika aina hiyo, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwezi wa Aprili 1919 na kusajiliwa kwa herufi G-EAAV. Asili yake ni Vimy ya vita, iliyobuniwa kwa ajili ya kutupa mabomu Ujerumani, lakini vita vikaisha kabla haijapata kazi hiyo; ndipo ikageuzwa kuwa ya amani, ikawavusha Alcock na Brown Bahari ya Atlantiki bila kutua mwezi wa Juni 1919, na kabla ya mwaka kwisha ikawafikisha ndugu wawili, Ross na Keith Smith, kutoka Uingereza hadi Australia. Waundaji wake waliifanyia pia kiwiliwili kipya, kipana na cha mviringo, chenye nafasi ya abiria 10 walioketi ndani, wakihifadhika na upepo na baridi, ilhali marubani waliendelea kukaa nje, vichwa wazi, kama ilivyokuwa desturi ya zama zile. Kwa hiyo chombo kilichovunjikia Unyamwezi kilikuwa miongoni mwa ndege za mwanzo duniani kuundwa kwa minajili ya abiria. Ndugu zake waliokuja baadaye walichukua wasafiri baina ya London na miji ya Ulaya, na 40 kati yao zikauzwa Uchina.

Gharama ya safari ilikuwa juu ya gazeti la The Times la London, nalo lilimpakia abiria mmoja wa kuliandikia habari, Dakta Peter Chalmers Mitchell, mtaalamu wa wanyama na katibu wa Jumuiya ya Zuolojia ya London. Marubani walikuwa Kapteni Cockerell na Kapteni Broome, na mafundi walikuwa Wyatt na Corby. Waliondoka Brooklands tarehe 24 Januari, na siku ya Tabora walikuwa wamekwisha kuwa safarini siku 34.

Inafaa kukumbuka ni ardhi ya namna gani waliyokuwa wameifikia. Uwanda wa kati, tangu Ugogo ambako Dodoma imekaa hadi Unyanyembe ambako Tabora imekaa, haukuwa mahali pa kando katika safari za watu. Ulikuwa ndio moyo wa njia ya misafara, na wapagazi wa Kinyamwezi waliijua njia ile kwa nyayo zao kuliko mtu yeyote aliyeichora katika ramani. Burton na Speke, waliotoka pwani katikati ya mwaka 1857, waliingia Kazeh, ndiyo Tabora ya Waarabu na Waswahili, mwezi wa Novemba mwaka huo, yaani baada ya miezi isiyopungua minne ya mwendo. Na katika mwendo huo sehemu iliyoogopwa kupita zote ilikuwa Ugogo, kwa sababu ya ukame wake na hongo iliyotozwa na watemi waliomiliki visima. Baadaye Wajerumani wakaleta reli, ikafika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, na safari ya miezi ikawa ya siku. Kisha vikaja vita vya 1914, vilivyopita juu ya uwanda huu kwa majeshi ya pande mbili, yote yakichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Na vita vilipoondoka viliiacha Ugogo katika njaa ile ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, iliyoanza mwaka 1917 na ambayo athari yake ilikuwa haijakwisha mwaka 1920. Watu walikufa kwa maelfu, na waliobaki walitawanyika kutafuta chakula. Mtu anayesoma habari za ndege ya The Times aitie akilini njaa hiyo: mali nyingi ilitumika kumpitisha abiria mmoja angani katika nchi ambayo, siku chache za mwendo kutoka hapo, wazazi walikuwa hawana cha kuwapa watoto wao.

Wala ndege haikufika kwa mabawa yake tu. Mwaka 1919 serikali ya Uingereza ilituma vikosi vitatu vya wapimaji ili kutayarisha viwanja kutoka Kairo hadi Rasi, kila kikosi na sehemu yake, na kikosi cha kati kikapewa nchi ya Ziwa Viktoria na kusini yake hadi Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia. Katika misitu ya miombo kiwanja hakipatikani ila kwa jasho. Miti ikatwe na visiki ving'olewe, kisha vije vichuguu, ambavyo mtu asiyevijua hudhani ni chungu ya udongo wa kusukumwa kwa jembe, kumbe vingine vina kimo cha nyumba na ugumu wa saruji. Huko Ndola vilivunjwa na kuchukuliwa kwa maelfu ya tani. Kazi hii yote ilifanywa na Waafrika kwa mikono, shoka na vikapu. Majina ya wapimaji yamehifadhiwa katika majarida ya wakati ule. Majina ya waliovunja vichuguu hayakuandikwa, na hilo naliona kuwa upungufu mkubwa wa historia ya usafiri wa anga katika Afrika, kwani kila gurudumu lililogusa ardhi ya uwanda huu liligusa kazi yao kwanza.

Basi turudi kwenye injini, ambayo ndiyo kiini cha habari. Vimy ile ilikuwa na mbili, za Rolls-Royce aina ya Eagle VIII, kila moja ikiwa na nguvu za farasi 360, nazo zilipozwa kwa maji yaliyozunguka katika mwili wa injini, yakachukua joto lake, yakalipeleka kwenye rejeta ili upepo uliondoe. Katika ubaridi wa Uingereza mpango huo ulifanya kazi ya kusifiwa. Walakini njia ya Afrika iliuletea matatizo matatu kwa pamoja. La kwanza ni joto la hewa yenyewe, ambalo huifanya rejeta ishindwe kuyapoza maji upesi. La pili ni kimo: Tabora imeinuka kadiri ya mita 1,200 juu ya bahari, na Dodoma mita 1,100 na zaidi, na katika kimo hicho maji huchemka yakifika nyuzi 96 hivi, hayangoji 100, injini inayochemsha maji hupoteza maji, na inayopoteza maji hujichoma. La tatu ni mtikisiko na uchovu wa chuma, maana viungo na mishono iliyoyazuia maji ilikuwa imekwisha kutikiswa tangu Ulaya, na tayari katika nchi ya Sudan uvujaji huo ulikuwa umewalazimisha kutua mara kwa mara, pengine mahali pasipo kiwanja, mafundi wakaziba, wakaruka, wakatua tena kuziba.

Fauka ya hayo, uwanda wa juu una adui mwingine asiyeonekana, nao ni wepesi wa hewa. Kwa kimo cha Tabora hewa imepungua uzito takriban sehemu moja katika kumi, na jua likiwa kali hupungua zaidi. Hewa nyepesi huinyima injini kile inachovuta ili kuunguza petroli, kwa hiyo nguvu hupungua. Huinyima rafadha kitu cha kushika, kwa hiyo mvuto hupungua. Na huyanyima mabawa kitu cha kuegemea, kwa hiyo ndege hutakiwa kukimbia mbali zaidi na kwa kasi zaidi ndipo iinuke. Tukiongeza kwamba Vimy iliyojaa petroli iliweza kuwa na uzito unaozidi kilo 5,500, tutafahamu kwamba rubani aliyesimama mwisho wa kiwanja cha Tabora alihitaji injini zote mbili zimpe kila zilichokuwa nacho. Katika anga ya juu, injini moja ikizimika, rubani wa Vimy alikuwa na nafasi ya kushuka polepole akichagua mahali. Katika kuruka hana nafasi hiyo: mwendo ni mdogo, kimo hakipo, mvuto wa upande mmoja unaizungusha ndege kuelekea upande uliokufa, na mbele yake ni miti. Kwamba watu watano walitoka hai katika hali hiyo ni jambo la kumshukuru Mungu, na pia ni ushahidi wa ustadi wa marubani wao.

Chombo kilikuwa hakifai tena, na safari ya The Times ikaishia hapo. Ndege nyingine iliyolipiwa na gazeti la London, aina ya Handley Page, ilikuwa imekwisha anguka Sudan siku zile zile. Waliobaki ni Waafrika Kusini wawili, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, nao hawakuwa na heri kubwa ya injini: Vimy yao ya kwanza, iliyoitwa Silver Queen, ilivunjikia karibu na Korosko kwa sababu ya rejeta iliyovuja, ya pili, waliyoifungia injini zilizookolewa katika ile ya kwanza, iliwafikisha Bulawayo, ikashindwa kuinuka katika hewa nyepesi ya uwanda wa kule, ikaanguka tarehe 6 Machi, na walifika Rasi tarehe 20 Machi 1920 kwa ndege ya tatu, ndogo, waliyopelekewa na serikali yao. Walipewa zawadi na heshima, wakastahili. Lakini mwenye kupima mambo kwa haki ataona kwamba njia ya anga ya Kairo hadi Rasi, iliyotangazwa kuwa wazi mwanzoni mwa mwaka ule, ilikuwa wazi katika karatasi tu, maana Vimy tatu zilizojaribu kuipita zote ziliishia vipandevipande, na katika zote tatu maji yanayovuja, au joto, au wepesi wa hewa ya uwanda, ulikuwa na sehemu yake.

Miaka ikapita kimya. Mwisho wa 1925 Alan Cobham aliondoka London na fundi wake Elliott na mpiga picha Emmott, kwa ndege ndogo ya injini moja iliyopozwa kwa hewa, isiyo na rejeta wala maji ya kuchemka, akapitia Tabora, akafika Rasi mwezi wa Februari 1926 na kurudi kwao mwezi uliofuata. Kwa maoni yangu safari hiyo ndiyo jibu la ajali ya 1920: ilionyesha kwamba katika nchi ya joto na kimo ni heri injini ipozwe na upepo, na tangu hapo kampuni ya Imperial Airways, iliyoundwa mwaka 1924, iliifuata rai hiyo katika ndege zake zote za Afrika.

Tarehe 28 Februari 1931 kampuni hiyo ilianza kupeleka barua kutoka London hadi Mwanza. Januari 1932 huduma ya barua ikarefushwa hadi Rasi, na Aprili mwaka huo abiria nao wakaruhusiwa. Hapo ndipo Dodoma inapoingia katika habari hii kwa jina lake. Njia mpya haikupita Tabora: kutoka Nairobi ndege zilitua Moshi, kisha Dodoma, kisha Mbeya, zikaendelea Mpika na Broken Hill hadi kusini, na safari nzima ilipangiwa siku 11. Kuchaguliwa kwa Dodoma kuna sababu zilizo dhahiri. Reli iliileta petroli kutoka Dar es Salaam bila taabu. Barabara kuu inayotoka Arusha na Kondoa kwenda Iringa inakutana na reli hapo hapo. Na nchi yenyewe, tofauti na miombo ya Unyamwezi, ni tambarare ya wazi, yenye miti michache na mvua chache, ambayo rubani aliyeharibikiwa anaweza kuona mahali pa kushukia tangu mbali. Ukame ule ule uliokuwa kitisho cha misafara ukageuka kuwa fadhila kwa marubani.

Ndege za mwanzo zilizotua hapo zilikuwa za aina ya Hercules, zenye injini tatu za Bristol Jupiter zilizopozwa kwa hewa. Baadaye zikaja za aina ya Atalanta, zilizoundwa nane tu, na hizi naziona kuwa ndizo ambazo mwanadamu aliufikiria uwanda wetu kabla ya kuziunda, kwa sababu sharti lililowekwa na kampuni lilikuwa wazi: ndege iwe na injini nne, na moja ikizimika, iweze kuendelea juu ya nyanda za juu za Afrika bila kulazimika kutua. Mabawa yake yalikuwa moja kila upande, manene, yasiyo na nguzo wala waya. Mzee aliyekuwa mtoto Dodoma mwaka 1933 na kuinua macho aliona chombo kilichobuniwa kwa kuogopa yale yale yaliyoiangusha Vimy.

Hata hivyo, ajali hazikukoma, bali zilibadili njia ya kuingia. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1935 ndege ya majini ya kampuni hiyo iliyoitwa City of Khartoum, iliyokuwa ikivusha abiria Bahari ya Kati kuelekea Misri, injini zake zote tatu zilizimika karibu na bandari ya Iskandaria kwa kukosa petroli, ikaanguka baharini. Katika watu 13 alisalimika rubani peke yake. Injini zile hazikuwa na maradhi yoyote ya chuma, ila tangi lilikuwa limekauka mapema kuliko ilivyodhaniwa. Mwezi wa Julai 1938 Atalanta iitwayo Amalthea iligonga kilima muda mfupi baada ya kuruka Kisumu, na wote wanne waliokuwamo wakafa. Wakati huo njia kuu ilikuwa imekwisha kuhama: tangu 1937 ndege kubwa za majini zilishuka kwa pwani, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi hadi Durban, na Dodoma ikabaki kituo cha safari ndogo.

Habari kubwa kupita zote za injini kuzimika kwa kukosa mafuta katika bahari yetu ilitokea tarehe 23 Novemba 1996, pale ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia, iliyotekwa na watu watatu waliotaka kupelekwa Australia, ilipoishiwa mafuta, injini zake mbili zikazimika, na Kapteni Leul Abate akajaribu kuishusha majini karibu na Mitsamiouli, Ngazidja. Kati ya watu 175 walikufa 125, akiwamo Mohamed Amin, mpiga picha mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia ya 1984 ziliitikisa dunia. Na waliookolewa, wengi waliokolewa na wavuvi, wenyeji na wageni waliokuwapo ufukweni. Rubani aliwaeleza watekaji mara nyingi kwamba mafuta hayatoshi, wasiamini. Nikizitazama ajali hizi pamoja, naona kwamba chuma kimetengemaa sana tangu Tabora, ilhali hesabu ya mafuta na tabia ya watu hazikutengemaa kwa kadiri hiyo.

Uwanda wa kati nao haukubadilika. Kimo chake ni kile kile na jua lake ni lile lile, na wahandisi waliopanga kiwanja kipya cha Msalato, kaskazini mwa mji wa Dodoma, walilazimika kukipa njia ya kurukia yenye urefu wa kilomita 3.6, na katika urefu huo mna sehemu inayolipwa kwa ajili ya hewa nyepesi ambayo Cockerell na Broome waliikuta bila kuwa na ardhi wala nguvu ya kuishinda.

Lililobaki ni letu wenyewe. Upande wa marubani, habari za Februari 1920 zimeandikwa. Upande wa Tabora, yaani waliokifyeka kiwanja, waliobeba madebe ya petroli, waliokimbilia mabaki ya ndege na kuwatoa watu watano, habari zao zipo katika vinywa vya wajukuu au hazipo popote. Kadhalika kwa Dodoma ya miaka ya 1930: kulikuwa na walinzi wa kiwanja, wapagazi wa mizigo, wahudumu wa abiria na makarani wa posta waliopokea mifuko ya barua za London. Nawasihi wazee wa Unyanyembe na Ugogo, na walimu wa historia wa mikoa hiyo miwili, wayaandike wanayoyakumbuka au waliyosimuliwa. Na mwenye picha, barua au cheti cha kazi cha babu yake asikiache kiliwe na mchwa, akipeleke Kituo cha Kumbukumbu za Taifa kilichopo hapo hapo Dodoma.